Saa Iliyohesabu Miguu: Kisa cha Kipima Mapigo na Mkimbiaji Mwenye Presha

Kisa hiki kinamhusu mwanamume wa miaka 51, mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akitibiwa shinikizo la juu la damu kwa kidonge kimoja cha atenololi cha miligramu 50 kila siku. Daktari wake alipomwambia kwamba dawa peke yake haitoshi na kwamba mwili unahitaji mazoezi, alijiunga na kikundi cha jogingi ninachokifundisha. Kwa kuwa ni mtu wa hesabu, aliyezoea kutoamini mzigo ambao haujapita kwenye mizani, alinunua pia saa janja ya bei nafuu katika duka la simu mjini ili ajue moyo wake unakwendaje. Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kutaja jina. Kikundini tunamwita Mzee, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Ndani ya majuma machache saa hiyo ilikuwa imemtia hofu kuliko presha yenyewe. Kila alipokimbia, hata kwa mwendo wa pole kabisa, kioo kilionyesha mapigo kati ya 165 na 172 kwa dakika, programu ya simu ikapaka kipindi chote rangi nyekundu, na ujumbe ukamweleza kwamba amefika upeo wa uwezo wake. Alianza kusimama kila baada ya mita mia kadhaa. Alipoona kusimama hakusaidii, kwa sababu akianza tu kukimbia namba inarudi palepale, aliamua kumeza kidonge kimoja na nusu badala ya kimoja, bila kumwarifu daktari. Habari hiyo niliipata asubuhi aliponivuta pembeni, akanionyesha mkono wake na kusema, "Kocha, moyo wangu unakwenda mbio kuliko miguu."

Hatua ya kwanza haikuhusu saa. Nilimwomba Mzee aache kukimbia kwa muda, atembee tu, na arudi kliniki akaeleze ukweli kuhusu kile kidonge na nusu. Atenololi ni ya kundi la dawa liitwalo vizuizi vya beta, ambazo miongoni mwa kazi zake ni kuupunguzia moyo kasi. Kuizidisha kunaweza kushusha mapigo na presha kupita kiasi, na kuiacha ghafla kunaweza kuurudisha moyo mbio kwa namna ya hatari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Daktari alimrudisha kwenye kidonge kimoja, akampima umeme wa moyo akiwa amelala, hakuona kasoro, akamruhusu kuendelea na mazoezi mepesi. Akaongeza neno ambalo liligeuza uchunguzi wote: mtu anayemeza dawa hii kila siku, asiye na maumivu ya kifua wala kizunguzungu, na anayeweza kuongea huku akikimbia, si rahisi awe na mapigo 170. Kwa hiyo kabla ya kuutilia shaka moyo, kitiliwe shaka kipimo.

Namba zinazofanana kwa watu wasiofanana

Jumapili iliyofuata tulianzia viwanja vya Furahisha saa 12 asubuhi, wakati ambapo Mwanza bado ni giza, tukaelekea njia ya uwanja wa ndege kupitia Pasiansi. Njia hii haina vilima vikali kama kupanda Bugando, kwa hiyo mtu anaweza kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu. Tunakimbia kwa mchakamchaka: mwimbishaji yuko mbele, wengine wanaitikia, na miguu yote inatua kwenye pigo moja la wimbo. Aliyesoma shule za Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi.

Nilimweka Mzee kati ya watu wawili wenye saa: dereva wa bodaboda wa miaka 34, ambaye saa yake ilikuwa ya aina ileile ya Mzee, na muuguzi wa miaka 28 aliyevaa saa ya bei ya juu zaidi. Tulipokwisha kukimbia robo saa niliomba kila mmoja asome kioo chake. Mzee alisoma 168, dereva 167, muuguzi 141. Kwamba mtu wa miaka 51 anayemeza dawa ya kupunguza kasi ya moyo awe na mapigo sawa na kijana anayecheza mpira kila jioni, katika mwendo uleule, ni sadfa ambayo haikunishawishi. Nikahesabu hatua za Mzee kwa sekunde 30, nikapata 84, yaani 168 kwa dakika.

Hapo nilimwomba mwimbishaji apunguze kasi ya wimbo, na Mzee nikamwomba arefushe hatua kidogo ili mwendo wenyewe usipungue. Kabla dakika haijaisha, saa ya Mzee ilikuwa imeshuka hadi 157, ikiufuata wimbo, ingawa kupumua kwake hakukubadilika hata kidogo. Kisha nikamsimamisha kando ya barabara, nikaweka vidole viwili upande mmoja wa shingo yake na kuhesabu mapigo ya sekunde 15 kwa kutumia saa ya mshale. Yalikuwa 26, maana yake 104 kwa dakika. Wakati huohuo kioo cha mkononi kilikuwa bado kinasema 155, na kilichukua karibu nusu dakika kuporomoka. Anayetaka kurudia kipimo hiki cha shingo azingatie mambo mawili: asikandamize, na asiguse pande zote mbili kwa pamoja. Aanze pia kuhesabu mara tu mtu anaposimama, kwa kuwa mapigo hushuka upesi, na anayehesabu dakika nzima anapata mapigo yaliyokwisha kushuka akidhani ni ya kukimbia.

Maelezo yake ni haya. Saa ya mkononi haiusikii moyo. Nyuma yake kuna taa ndogo, kwa kawaida za kijani, zinazomulika ngozi, pamoja na kihisi kinachopima mwanga unaorudi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma, mishipa midogo ya ngozi hujaa na mwanga unaorudi hupungua kidogo. Programu iliyo ndani ya saa huhesabu mawimbi hayo na kuyatoa kama mapigo. Mtu akiwa ametulia, wimbi la moyo ndilo linalotawala. Akikimbia, mkono unarushwa, saa inachezacheza juu ya mfupa, damu yenyewe inatikisika ndani ya mishipa kila mguu unapotua, na wimbi la hatua huweza kuwa kubwa kuliko la moyo. Saa zilizotengenezwa kwa uangalifu hutumia kihisi mwendo kulitambua wimbi la hatua na kuliondoa. Zile za bei nafuu, na wakati mwingine hata nzuri iliyovaliwa ikiwa imelegea, hulichukua wimbi la hatua na kuliita mapigo.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha vizuri. Hatua za wakimbiaji wengi huangukia kati ya 150 na 180 kwa dakika, na hapo ndipo pia yalipo mapigo ya kijana anayejitahidi. Dereva wa bodaboda alikuwa ametumia saa yake kwa muda mrefu bila malalamiko, kwa sababu namba ya miguu ilikuwa inafanana na namba ambayo angeitarajia ya moyo. Mzee aligundulika kwa sababu dawa ilikuwa imeuweka moyo wake mbali na miguu yake.

Kikundini palizuka hoja kwamba taa hizo hazifanyi kazi kwenye ngozi nyeusi. Si hoja ya kupuuza, kwa kuwa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga wa kijani na kukiachia kihisi mwanga mchache zaidi wa kusoma, na tatoo nzito huweza kuuziba kabisa. Katika kisa hiki, hata hivyo, haikuwa sababu. Mzee akiwa ameketi kwenye kiti, saa ilisoma 61 na shingo ikatoa 60. Kama ngozi ingekuwa kikwazo, kingeonekana hata akiwa ametulia. Tulijaribu pia kuipandisha saa upana wa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na kuikaza. Ilisoma vizuri kwa dakika chache, kisha ikarudia kuhesabu miguu.

Kuchagua kifaa kingine

Mzee alitaka kuitupa saa. Nilimshauri asiitupe, kwa kuwa kwa kazi ya kusoma mapigo ya kupumzika na ya kutembea taratibu ilikuwa ikisema kweli. Alichohitaji ni kifaa cha pili kwa swali la pili, yaani mapigo wakati wa kukimbia, na kwa mtu mwenye presha na dawa niliona hakuna sababu ya kubahatisha: mkanda wa kifuani.

Mkanda huu haupimi mwanga bali umeme. Kila pigo la moyo huanza na mkondo mdogo wa umeme unaofika hadi juu ya ngozi, na elektrodi mbili zilizo upande wa ndani wa mkanda huunasa, kwa kanuni ileile ya mashine ya umeme wa moyo ya hospitali ingawa kwa taarifa chache zaidi. Polar, kampuni ya Ufini iliyoanzishwa mwaka 1977 na Seppo Säynäjäkangas, ilitoa mwaka 1982 kipima mapigo cha kuvaliwa kisichotumia waya, na tangu hapo kazi ya mkanda haijabadilika sana. Kilichobadilika ni njia ya kurusha namba. Mikanda ya sasa hutumia Bluetooth, ANT+ (njia nyingine isiyo ya waya ya vifaa vya michezo) au zote mbili. Ile ya zamani ilirusha kwa mawimbi ya kilohezi 5 ambayo simu haiyapokei.

Ninataja ya zamani kwa sababu inapatikana kwa mtumba, na mtu anaweza kuuziwa akidhani amepata bahati. Mkanda wa Polar T31, kwa mfano, betri yake imefungiwa ndani, mtumiaji hawezi kuibadilisha, hivyo ikiisha mkanda umekwisha. Zaidi ya hapo, ile isiyo na msimbo wa kuitofautisha na mingine huingiliana: wakimbiaji wawili wakikaribiana, mmoja anaweza kusoma moyo wa mwenzake. Kwa kikundi kinachokimbia bega kwa bega hiyo ni kasoro ya kutosha kuukataa hata ukitolewa bure.

Kuna pia kihisi cha mwanga kinachofungwa juu ya mkono, karibu na msuli wa juu au chini kidogo ya kiwiko. Kinatumia mwanga kama saa, lakini mahali pale pana nyama nyingi na mfupa hauko karibu, hakichezi sana, na kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko saa ya kwenye kifundo. Muuguzi wetu baadaye alikichagua hicho kwa sababu mkanda wa kifuani ulimsumbua chini ya sidiria, na sikuona haja ya kumpinga. Kwa Mzee niliona bora tuanze na kipimo cha umeme, ili namba isituletee mjadala wa pili.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ambalo lilikaribia kumpotezea Mzee fedha, ni upokeaji. Saa yake ilikuwa na Bluetooth, lakini Bluetooth ile ni ya kuzungumza na simu tu. Haiwezi kupokea mkanda wa nje. Anayenunua mkanda athibitishe kwanza ni nini kitakachosoma: saa ya michezo inayopokea vihisi vya nje, au simu yenye programu inayoitambua aina ya mkanda huo. Mzee aliamua kutumia simu aliyokuwa nayo na programu ya bure, simu ikikaa kwenye mkoba wa kiunoni na sauti ikimtajia mapigo kila baada ya dakika chache. Aliuagiza mkanda Dar es Salaam, ukaja kwa basi. Aliouchagua unatumia betri ya kidonge aina ya CR2032, ambayo mafundi saa wa mjini wanayo.

Mkanda nao una masharti

Siku ya kwanza mkanda ulisoma 214 kabla Mzee hajamaliza mita mia mbili. Nilimwona akigeuka kunitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa wengine, na sababu yake ni ya kawaida: elektrodi zilikuwa kavu, na jezi ya nailoni iliyokuwa ikipeperuka juu yake inazalisha umeme tuli ambao mkanda huuchanganya na moyo. Tulisimama, tukamwaga maji ya chupa kidogo kwenye sehemu mbili za mpira zilizo upande wa ndani, tukaukaza tundu moja zaidi, na namba ikatulia kwenye 97. Jasho likianza kutoka, tatizo hili kwa kawaida huisha lenyewe. Dakika za mwanzo ndizo zinazodanganya.

Kwa mwanamume mwenye kitambi, mkanda hupenda kuteremka. Mahali pake ni chini tu ya misuli ya kifua, si juu ya tumbo, na ukazwe kiasi kwamba ukivuta pumzi ndefu hausogei lakini haukubani. Baada ya kukimbia, kile kidude cha mbele kibanduliwe, kwa sababu kikiachwa kimeshikizwa kwenye mkanda mbichi kinadhani bado kiko kifuani na kinamaliza betri. Utepe usuuzwe kwa maji. Chumvi ya jasho ndiyo inayouua, na mkanda ulioanza kusoma ovyo baada ya miezi michache mara nyingi unahitaji sabuni kidogo au betri mpya, si mkanda mwingine. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani aulize kwanza kwa daktari wake.

Baada ya marekebisho hayo mkanda na shingo vilikubaliana. Kwa mwendo wa mchakamchaka kwenye njia ya Pasiansi, Mzee alikuwa na mapigo kati ya 100 na 106, huku akiitikia wimbo bila kukata pumzi.

Hesabu ya 220

Nilidhani tumemaliza, lakini sehemu ngumu zaidi ya kisa ilianzia hapo, kwa kuwa sasa namba ilikuwa ya kweli na tafsiri yake ilikuwa ya uongo. Programu ya simu ilikuwa imetumia umri wa Mzee tu. Ikachukua 220, ikatoa 51, ikapata 169, ikaiita hiyo kilele cha moyo wake, kisha ikaligawa eneo lote katika ngazi tano. Mapigo 104 yakaangukia ngazi ya pili kutoka chini, na sauti ya programu ikaanza kumhimiza aongeze kasi.

Mzee alitii. Jumatano moja jioni, baada ya kufunga stoo, alikwenda peke yake kupanda barabara ya Bugando akiwa na nia ya kufika ngazi ya nne, ambayo kwake programu iliiweka kati ya 135 na 152. Kwa jinsi alivyonisimulia, miguu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyebeba gunia, hakuweza kutamka hata neno moja, na alipotazama simu ilisoma 136. Kwa hesabu ya programu alikuwa ndiyo kwanza anabisha hodi kwenye ngazi hiyo. Kwa hali ya mwili wake alikuwa amefika mwisho.

Kanuni ya 220 kutoa umri inanasibishwa na makala ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971, na haikutokana na jaribio lililoandaliwa kwa kusudi hilo bali na mkusanyiko wa takwimu zilizokuwapo. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa Mzee hiyo ingetoa 172, kwa hiyo isingemsaidia. Kanuni zote mbili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja huweza kuachana nao kwa mapigo 10 hata zaidi, juu au chini, akiwa mzima wa afya. Lakini tatizo la Mzee halikuwa hata hilo. Vizuizi vya beta huuzuia moyo usipokee kikamilifu amri ya kuongeza kasi, kwa hiyo hushusha mapigo ya kupumzika na kushusha kilele pia, mara nyingi kwa makumi ya mapigo. Hakuna kanuni ya umri inayolijua hilo, na programu hazikumuuliza anameza nini. Ni ajabu, kwa maoni yangu, kwamba kifaa kinachouzwa kwa watu wenye wasiwasi na mioyo yao huuliza urefu na uzito na kuacha swali la dawa.

Nilimwomba asirudie kilima kile, akapeleka habari zote kwa daktari. Daktari alimpa rufaa ya kipimo cha umeme wa moyo akiwa anatembea kwenye mashine huku mwinuko ukiongezwa, na akasisitiza kwamba siku hiyo ameze dawa yake kama siku zote, kwa sababu kinachotafutwa ni kilele cha moyo ulio chini ya dawa. Kipimo kilisimamishwa miguu ilipochoka, mapigo yakiwa 138, bila dalili ya mishipa ya moyo kukosa damu. Mapigo yake ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani yalikuwa 58.

Kwa namba hizo mbili tuliweza kutumia njia ya Mfini Martti Karvonen, iliyojulikana tangu mwaka 1957, ambayo haihesabu asilimia ya kilele bali asilimia ya akiba, yaani tofauti kati ya kilele na mapumziko. Kwa Mzee akiba ni 138 kutoa 58, ambayo ni 80. Asilimia 40 ya akiba ni 32, ukiongeza 58 unapata 90. Asilimia 60 inakufikisha 106. Hilo ndilo eneo la mazoezi ya wastani kwake, na linalingana kabisa na mwendo aliokuwa akiukimbia huku akiimba. Sasa litazame eneo ambalo programu ililiita la wastani, 118 hadi 135: kwa hesabu ya akiba ni kati ya asilimia 75 na 96. Kama angeitii kwa utulivu kila Jumapili, angekuwa anafanya mazoezi makali akiambiwa ni ya wastani.

Daktari alikubali Mzee abaki kati ya 90 na 106, na kwenye vilima asivuke 114, ambayo ni asilimia 70 ya akiba. Katika programu tulifuta ngazi za umri na kuandika hizi kwa mkono, tukaweka na mlio wa onyo kwenye 114.

Hata hivyo sikutaka aitegemee namba peke yake. Kwa wanaotumia vizuizi vya beta, kipimo cha Gunnar Borg, mtaalamu wa Sweden, kinachomtaka mtu aseme mwenyewe juhudi anayoihisi kuanzia 6 hadi 20, hupewa uzito mkubwa, na mazoezi ya wastani hukaa kwenye 11 hadi 13, yaani kati ya mepesi na magumu kiasi. Sisi tuna kipimo cha bei rahisi zaidi: mchakamchaka. Anayeitikia mstari mzima yuko salama. Anayeitikia neno la mwisho tu amepanda. Anayepiga makofi badala ya kuimba apunguze mwendo, hata kama mkanda unasema 100. Nilimwambia Mzee kwamba wimbo na mkanda vikitofautiana, afuate kile kinachomtaka apunguze.

Namba ileile, siku tofauti

Kwa kuandika mapigo yake kwenye daftari lilelile la mauzo, Mzee aliona mwenyewe kwamba kwa mwendo mmoja mapigo ya Jumatano jioni yalikuwa chini ya yale ya Jumapili asubuhi kwa takriban sita. Dawa anaimeza saa 2 asubuhi baada ya kula. Jumapili anakimbia zikiwa zimepita karibu saa 22 tangu kidonge cha mwisho, jioni zikiwa zimepita 10 tu, na nguvu ya atenololi hupungua kadiri saa zinavyopita. Kwa hiyo alilinganisha Jumapili na Jumapili, Jumatano na Jumatano.

Jua nalo lina sehemu yake. Tukichelewa kuanza hadi saa 3, mapigo ya mwendo uleule huongezeka polepole kadiri mwili unavyopoteza maji na damu nyingi zaidi inavyopelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Kwa kijana hilo si jambo la kumzuia. Kwa Mzee tulikubaliana apunguze mwendo ili abaki ndani ya eneo lake, na anywe maji. Vilevile mapigo ya asubuhi yakizidi ya kawaida kwa 8 au 10 bila sababu, hakimbii siku hiyo. Mara moja yalikuwa 71. Jioni homa ikapanda, akapimwa, akakutwa na malaria.

Miezi kadhaa baadaye daktari, kwa sababu za presha yenyewe na si za kukimbia, alimpunguzia atenololi hatua kwa hatua na kumhamishia kwenye amlodipini, ambayo si kizuizi cha beta. Mapigo ya asubuhi yalipanda hadi 67, na mwendo wa Pasiansi, uliokuwa wa 104, ukawa wa 121. Mlio wa onyo ulianza kulia tangu viwanja vya Furahisha. Safari hii Mzee hakusimama, aliendelea kuitikia mstari mzima, akauzima mlio, akaniambia, "Kocha, kidonge kimebadilika, hesabu ifutwe." Tuliifuta. Kilele cha 138 hakina maana tena, na mpaka apimwe upya kwenye mashine hatuna akiba ya kugawa kwa asilimia, kwa hiyo sasa anakimbia kwa wimbo na kwa 12 ya Borg, mkanda ukiandika tu, na onyo limewekwa kwenye 128 kama mpaka wa muda aliouafiki daktari.